Kanda Imepanda Basi

Kwa miaka kadhaa, mtu aliyeamua habari za Mtwara zionekane lini kwenye televisheni alikuwa kondakta wa basi. Stendi nzima ilimwita Mhariri, naye aliitika. Alfajiri, giza bado halijaachia na moshi wa chapati umetanda, mjomba wangu alimkabidhi bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu, ndani mna kanda moja na karatasi mbili za mwandiko wa mkono. Kondakta aliichomeka ndani ya koti, kifuani. Haikuruhusiwa kukaa kwenye buti wala juu kwenye keria, maana kuna siku iliwekwa chini ya kapu la samaki wakavu ikafika Dar es Salaam inanuka, mhariri wa kweli akapiga simu kuuliza ametumiwa habari au kitoweo. Basi likishaondoka, mjomba alirudi mjini, akasubiri ofisi ya simu ifunguliwe, akapiga Dar na kusema maneno matatu: "Kanda imepanda basi."

Nyumbani kwetu maneno hayo yakageuka msemo. Ukimuuliza mtu kama ameshapeleka posa, au kama ada imelipwa, anakujibu kanda imepanda basi. Maana yake: la kwangu nimemaliza, lililobaki ni la barabara.

Huyu ni ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Kwetu kusini, kwa Wamakonde na majirani zetu Wayao, Wamwera na Wamakua, ukoo tangu zamani umefuata mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye mtoto. Ndiye anayeitwa mtoto akiumwa, akitaka kuoa, akiiba embe za watu. Wenzetu wa Dar neno hilo wanalijua kwa utani tu. Ukifungua mdomo wakasikia lafudhi, umeshakuwa njomba. Mimi ninaye njomba wa kweli, na kwa miaka 23, kuanzia 1999 hadi 2022, kazi yake ilikuwa kupiga picha za habari za Mtwara na Lindi kwa ajili ya televisheni. Katika miaka yote hiyo hakuajiriwa hata siku moja. Alilipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka ilikuwa sadaka yake kwa taifa.

Alianza na harusi. ITV iliingia hewani mwaka 1994, na Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini huku kwetu katikati ya miaka ya 1990 televisheni kwa watu wengi ilikuwa kitu cha kwenye banda la video, unalipa kiingilio unakaa kwenye benchi unatazama mateke. Mjomba alikuwa na studio ya picha karibu na soko, na kamera ya VHS ya kubeba begani aliyouziwa na mtu wa melini. Alipiga harusi, maulidi, na sherehe za kuwatoa wali wa unyago. Zile za nje tu, za ngoma na kutuza. Za ndani mwanaume haingii, awe na kamera au asiwe nayo.

Mwalimu Nyerere alipofariki, tarehe 14 Oktoba 1999, mjomba hakuagizwa na mtu. Alichukua kamera ya harusi akazunguka mjini. Alipiga wazee waliokaa kuzunguka redio moja barazani, hakuna anayeongea, kahawa imepoa kwenye vikombe. Alipiga mwanamke anayekaanga mihogo huku anafuta machozi, na mpaka leo anasema hajui kama ni msiba au ni moshi. Kanda akampa abiria wa ndege asiyemfahamu, pamoja na barua ya heshima kwa kituo fulani cha Dar. Zilitoka sekunde nane. Yeye mwenyewe hakuziona, aliyeziona ni ndugu yetu wa Mbagala, akapiga simu kwa jirani mwenye simu kusema, "Mwambieni ametoka." Hilo ndilo neno: hawasemi habari imetoka, wanasema umetoka.

Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, na miaka ile hesabu hiyo haikuwa na maana yoyote. Kiangazi basi lilifika. Masika lilifika pia, ila siku ya kufika haikutajwa. Kulikuwa na kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, na huku na huku kulikuwa na tope ambalo abiria walishuka kulisukuma wakiwa wamekunja kaniki na suruali. Daraja la Mkapa, ambalo urefu wake unakaribia kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003 na kivuko kikastaafu, lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kutunyanyasa kwa miaka mingine kama kumi kabla lami haijakamilika. Mjomba alikwenda kwa gharama yake mwenyewe kulipiga picha lile daraja, ingawa liko nje ya eneo lake. Alisema anakwenda kumwona mwajiri wake mpya.

Barabara ndiyo iliyomfundisha uandishi. Habari kwake zilikuwa za aina mbili, za kuoza na za kukaa, kama samaki. Ziara ya waziri inaoza kwa siku moja. Ikifika Dar siku ya nne, mhariri anaitupa. Kwa hiyo alijifunza kutafuta za kukaa. Maji ya uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ambako wanawake waliteremka mabondeni na ndoo wakapanda nazo mteremko ambao mtu mtupu unamtoa jasho. Makaburi ya Naliendele, walikolazwa askari wetu waliokufa katika mapambano ya ukombozi wa Msumbiji. Na mijusi ya Tendaguru. Kilima hicho kiko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria, wenyeji wakaibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, na leo mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Habari hiyo mjomba aliituma mara tatu katika miaka tofauti na ikatoka mara zote tatu. "Yule mjusi amekaa ardhini miaka milioni 150," alisema, "hawezi kuoza kwa siku nne za basi."

Mimi nilikuwa mbeba traipodi. Nilianza nikiwa na miaka tisa, malipo yangu soda na andazi, na ndipo nilipojua kwamba dakika moja na nusu ya televisheni inakula siku nzima. Unapiga picha pana ili mtu ajue yuko wapi. Unasogea. Unapiga mikono, kwa sababu mikono haijui kuigiza. Kila shoti unaishika bila kupumua huku unahesabu kumi kimoyomoyo, na kama mbuzi amepita katikati unaanza upya. Upepo wa bahari pale Shangani ya Mtwara ulikuwa adui yake mkubwa; maiki aliivisha sponji aliyoikata kwenye godoro letu, na godoro likabaki na shimo ambalo mdogo wangu alililalia hadi darasa la sita. Maswali aliuliza machache. Akiuliza, ananyamaza muda mrefu kupita adabu, na mtu kwa kuona aibu ya ukimya anasema alichokuwa hataki kusema.

Kulikuwa na kichekesho kimoja ambacho yeye hakukiona kuwa kichekesho. Umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli na ulikatika kwa mazoea, tena jioni, saa watu wanarudi kupika. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilimkuta gizani. Nusu ya kazi yake ya miaka ya mwanzo hajaiona hadi leo. Alikuwa mtu maarufu katika miji asiyofika, na Mtwara alikuwa yule njomba wa video za harusi.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa lugha. Vyombo vya utangazaji nchini vinatakiwa kutumia Kiswahili au Kiingereza, na mjini hilo halina shida. Ukipanda uwandani, watu wenye la kusema ni wazee, na wazee wakiongea la moyoni wanaliongea kwa Kimakonde. Kwa hiyo sauti ya mzee ilishushwa, na juu yake ikapandishwa sauti ya Kiswahili. Na kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine, sauti hiyo ilikuwa ya mjomba. Msimu mmoja, katika miaka ile ya mwanzo ya stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuzia korosho ulioingia huku mwaka 2007, alimhoji bibi mmoja wa Tandahimba. Bibi alikuwa amepeleka korosho chama cha msingi, akapata malipo ya kwanza, akapewa karatasi yake, na malipo ya pili yakawa hadithi. Kwenye televisheni bibi alionekana amekaa chini ya mkorosho, mdomo unakwenda, na sauti nene ya mwanaume wa Mikindani inasema: "Tunaiomba serikali iharakishe malipo ya pili ili tuweze kuwalipia watoto wetu ada." Tulicheka nyumbani mwezi mzima. Mkaza mjomba alikuwa akimwita mumewe "Bibi" akitaka kumkera.

Septemba 2012 utani ulipungua. Tarehe 2, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Nyololo, Iringa, akiwa kazini, mikononi mwa polisi. Alikuwa mwandishi wa mkoani, mwenye kamera, kama mjomba. Hawakuwa marafiki, walikuwa wamekutana semina moja au mbili, lakini picha zile ziliingia nyumbani kwetu zikakaa. Mkaza mjomba alichukua begi la kamera akaliweka chini ya kitanda chake, upande wake, na kwa siku kadhaa mtu aliyetaka kufanya habari Mtwara alipaswa kumwomba ruhusa mwanamke aliyelala juu yake.

Kisha ukaja mwaka 2013.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kwa miaka mingi ilikuwa neno la kwenye ramani. Ulipokuja mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, watu waliuliza swali ambalo mjomba alilirekodi kuliko lingine lolote: na sisi? Waliosimama mbele ya kamera yake hawakusema gesi ni ya Wamtwara peke yao. Walisema korosho inaondoka ghafi. Walisema reli iliyojengwa enzi za mradi wa karanga iling'olewa ikabaki tuta. Walitaka viwanda, walitaka umeme uzalishwe huku. Maelezo hayo ni marefu, na televisheni ina dakika moja na nusu. Yalipofika Dar yakakatwa yakabaki sentensi moja, gesi haitoki. Nilimwona mjomba akitazama habari yake mwenyewe (siku hiyo umeme ulikuwepo, kwa bahati mbaya) kama mtu anayetazama shati lake limevaliwa na mwingine.

Tarehe 22 Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa inasomwa bungeni Dodoma. Vipeperushi vilishazunguka mjini kuwataka watu wafunge biashara wasikilize. Wakafunga. Mchana mji ukaharibika: moshi, mabomu ya machozi, matairi barabarani, nyumba zikachomwa, watu wakafa. Miongoni mwa nyumba zilizoteketea ilikuwamo ya mwandishi wa habari.

Nilikuwa na miaka 19. Asubuhi ile nilikuwa wapi, sitaeleza. Mjomba anajua.

Alitoka na kamera. Mtaa wa tatu tu kutoka nyumbani kijana mmoja akamwona akafoka, "Njomba, sura usipige!" Akaishusha kamera hadi kiunoni bila kuizima, akaendelea kutembea. Kanda hiyo ina dakika 11. Ni lami, mawe, kivuli cha moshi, kopo la bomu linazunguka chini kama pia, na miguu. Miguu mingi inayokimbia kwenda na inayokimbia kurudi: ndala, viatu vya shule, makubazi, miguu peku. Usiku dawati la habari likampigia kwa hasira. Picha nzuri, lakini sura ziko wapi? "Sura hazimo," akasema. Siku chache baadaye walikuja watu wengine, hao sitasema ni kina nani, nao wakauliza hilo hilo kwa upole zaidi. Akawapa kanda waitazame wenyewe. Wakaitazama. Wakaondoka.

Wapo waandishi wanaosema alikosea, na sidhani ni wajinga. Mwenye nyumba iliyochomwa angependa kujua nani alishika kiberiti, na miguu haimsaidii. Kazi ya kamera ni kuonyesha. Ukianza kuchagua cha kuficha, nani atakuzuia kesho? Upande wa mjomba hoja ni fupi. Mwandishi wa kutoka Dar akipiga sura yako, kesho yuko kwenye ndege. Yeye kesho yuko sokoni ananunua dagaa kwa mama yake yule kijana, na keshokutwa anapigia harusi ya dada yake. Nimeligeuza hili miaka mingi na bado nayumba. Ila siwezi kujifanya hakimu.

Nasema hivyo kwa sababu miaka minane baadaye mimi ndiye niliyekuwa naihamisha kanda ile kwenda kwenye kompyuta. Dakika ya saba ikapita ndala ya kijani, ya mguu wa kushoto, ngidamu yake imefungwa kwa waya wa shaba. Nikasimamisha picha. Mjomba alikuwa pembeni yangu anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, anachovya kwenye pilipili. Hakuniuliza kwa nini nimesimamisha. Alisogeza sahani kidogo upande wangu.

Sitaki mtu afikiri namsafisha. Alichukua bahasha. Waandishi wa mikoani wanajua ninachosema: mkutano unakwisha, mnapanga mstari, mnasaini karatasi, mnapewa "nauli" hata kama mmekuja kwa miguu. Yeye alilipwa Sh 10,000 kwa habari iliyotoka, na kuna miezi zilitoka mbili. Kwa hiyo nauli ndiyo iliyotusomesha, nami mwenyewe nimevaa sare iliyonunuliwa na uzinduzi wa zahanati. Lakini nauli ina masikio yake. Katika kijiji kimoja cha uwandani kiongozi mmoja alizindua kisima: utepe ukakatwa, bomba likafunguliwa, maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele. Mjomba alifika mapema kuliko wenzake, kama kawaida yake, akayakuta maji yanamiminwa kwenye tangi kutoka kwenye boza. Alijua. Alipiga picha ya uzinduzi, akasaini karatasi, habari ikatoka vizuri kabisa. Wiki ya tatu bomba lilikuwa linatoa upepo.

Hadithi hiyo sikuipata kwa mtu mwingine, alinipa mwenyewe. Kwenye kanda ghafi, ukitazama nyuma ya watu wanaopiga makofi, zinaonekana alama mbichi za matairi mapana kwenye mchanga. Alizipiga makusudi, shoti ya sekunde kumi, akahesabu kama tulivyofundishwa. Halafu hakuitumia. Nimemuuliza kwa nini alipiga kitu ambacho hakuwa na nia ya kukionyesha, akasema mkono ulikuwa mkweli kuliko tumbo.

Miaka ya mwisho ilikwenda haraka. Mkongo wa baharini uliofika Dar mwaka 2009 ulikuja kutufikia taratibu, na kondakta akastaafishwa na intaneti kabla mjomba hajastaafu. Mwanzoni dakika moja ya video ilichukua usiku mzima kupanda. Alilala kwenye kiti cha kafe ya intaneti, na umeme ukikatika asilimia 90, anaanza moja. Baadaye kanda zikawa kadi, kamera ikawa simu, na kila kijana wa bodaboda akawa na picha ya ajali kabla yeye hajavaa viatu.

Novemba 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia maghalani, timu kutoka Dar zilijaa kwenye hoteli za mji. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja. Watu wa mwambao waliambiwa wapande sehemu za juu, shule zikafungwa, na mjomba alisimama Shangani tangu alfajiri ya tarehe 25 akiwa amevaa mfuko wa plastiki juu ya kofia. Bahari ilikasirika, mvua ikanyesha, ikawa basi. Kenneth aliingia Cabo Delgado, Msumbiji. Dawati likauliza madhara yako wapi, hapakuwa na madhara, habari ikafa, na mitaani watu wakaanza kuwacheka watabiri wa hali ya hewa. Hilo lilimuudhi. Ng'ambo ya Ruvuma kuna Wamakonde kama sisi, kuna watu waliokuwa wakizika. Akaenda Lindi, akamtafuta mzee aliyekuwa kijana wakati wa kimbunga cha Aprili 1952, kile kilichoubomoa mji ule. Mzee alieleza jinsi bati za mjini zilivyoruka kama karatasi. Ilikuwa habari ya kukaa, ya mtindo wa zamani. Haikutoka.

Na Julai 2020 alikuwa Lupaso, Masasi, siku ya kumzika Rais Mkapa, tarehe 29. Magari makubwa ya matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepangwa kama treni, na vijana waliovaa suti walikuwa wakimuuliza mambo: msiba wa kwetu unakwendaje, huyu mzee ni nani, nani anafaa kuhojiwa. Aliwajibu wote. Mmoja akamwazima chaja asimrudishie. Yeye alipiga picha za jikoni, masufuria na moshi na wanawake waliokesha, kisha akarudi Mtwara kwa basi.

Kilichommaliza kilikuwa karatasi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zilizofuata zilimtaka mwandishi awe na angalau stashahada ya uandishi wa habari, na muda wa miaka mitano ukatolewa watu wakasome. Sina ugomvi na elimu. Mjomba ana kidato cha nne. Alikwenda chuo kuulizia ada, akarudi na kipeperushi, akakaa barazani na kalamu. Aligawanya ada kwa Sh 10,000, akapata idadi ya habari ambazo zingepaswa kutoka, akaiangalia idadi ile. Kisha akamwita mkewe akamwambia kwamba kwa pesa hiyo watapaua chumba cha uani. Wakapaua.

Kanda ziko kwenye chumba hicho sasa. Nilizihesabu: 214, nyingi ni zile ndogo za MiniDV, baadhi VHS za enzi za harusi ambazo katikati ya bwana harusi na keki zina habari ya miaka ishirini iliyopita. Hewa ya chumvi imezila, nyingine zina ukungu mweupe kama unga. Kamera inayoweza kuzicheza imebaki moja, nayo siku ikiamka vibaya inakula kanda. Tumehamisha 31. Sijui kama kuna kituo kinachozihitaji. Kila kilichotoka hewani kilishatoka, na dakika 60 za kanda moja zilikuwa na dakika moja na nusu tu iliyotakiwa.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya yule bibi wa Tandahimba. Nilimtambua kwa mkorosho. Lakini hii ilikuwa kanda ghafi, hakuna sauti ya mjomba juu yake. Kwa mara ya kwanza nilimsikia bibi mwenyewe: sauti nyembamba, ya haraka, inapanda mwishoni kama mtu anayefukuza kuku. Kimakonde changu ni cha kuombea chumvi mezani, sikuambulia kitu. Ila nilisikia watu waliokuwa nyuma ya kamera wakiangua kicheko, na picha ikatikisika, na mjomba hakuwa mtu wa kutikisa picha.

"Alisema nini?"

Alikuwa ameshaanza kucheka tena, mabega yanapanda na kushuka. "Alisema, huyo anayenisikiliza huko Dar, mwambie aje aichukue hii stakabadhi, aende nayo dukani, tuone kama atapewa chumvi."

"Wewe ukasema tunaiomba serikali iharakishe malipo."

"Ndiyo."

"Ili tuwalipie watoto ada."

"Hana mtoto wa shule yule. Ada niliiongeza mimi." Akajifuta macho kwa pindo la msuli. "Rudisha nyuma kidogo."